Chimbuko la Benga ya Ukambani

Aghalabu hudaiwa kwamba benga ya Kitui na Makueni ni mkopo mtupu kutoka kwa Waluo. Ni kweli mtindo huo wa gitaa, unaoiga nyatiti, ulizuka Nyanza. Hata hivyo, gitaa lilipofika Ukambani liliikuta kilumi, ngoma ya kuomba mvua na kutuliza pepo, iliyoongozwa na wanawake wazee. Wamisionari waliopiga kambi Nzaui, Makueni, mwaka 1895 waliwakataza waumini ngoma za jadi. (Gitaa nalo halikupendwa sana kanisani!) Miaka ya 1970 Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliivumisha benga kwa Kikamba na Kiswahili, na redio ikaipenyeza hata katika nyumba ambamo kilumi ilikuwa mwiko. Kilonzo alifariki mwaka 1987. Waliomfuata wameongeza kinanda, lakini miguu ya wachezaji bado huisikiliza ngoma kabla ya gitaa.