Gesi ya Msimbati na hesabu za mnazi

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuanza kuwasha umeme wa Mtwara. Kilichokuza biashara hiyo ni bomba la kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa Oktoba 2015. Ila kisima cha gesi hutaka mtaji mkubwa na watu wachache. Ujenzi ukiisha, vibarua hurudi nyumbani. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichofunguliwa mkoani mwaka huohuo, angalau kina malori, na penye malori hapakosi mamalishe.

Kaya za Msimbati na Madimba, vijiji vilivyo jirani na gesi hiyo, hazikuwahi kuishi kwa kazi moja. Mwanamume yuko baharini. Maji yakipwa wakati wa bamvua, wanawake hushuka mwambani kuchokoa pweza. Msimu wa korosho wote wako shambani, na minazi huangusha nazi mwaka mzima. Kila kimoja ni kidogo. Vyote pamoja ndivyo vinavyosomesha watoto.

Mthamini akija kukadiria fidia ya ardhi inayochukuliwa na mradi, hufuata Sheria ya Ardhi: huhesabu miti, nyumba na posho ya usumbufu. Mnazi unaoweza kuzaa miaka hamsini hulipwa siku moja. Mwamba wa pweza haumo kabisa katika hesabu zake, kwa kuwa hauna mwenyewe.

Na baharini kwenyewe pamebana. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, ikiwa na masharti ya nyavu na maeneo yasiyovuliwa. Uvuvi wa baruti ulikuwa umeumiza matumbawe, kwa hiyo hifadhi ilihitajika. Hata hivyo visima vya gesi vimo ndani ya hifadhi hiyohiyo, na mwenye kokoro analiona hilo vizuri kuliko sisi waandishi.

Ghasia za kupinga bomba la gesi mkoani Mtwara, Januari na Mei 2013, zilihusu swali la nani anafaidi. Sehemu ya jibu ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye gesi, lakini huo huingia halmashauri, si kijijini. Huko kijijini, mvuvi asiye na barafu huuza kwa bei anayoitaja mchuuzi, kabla samaki hawajaharibika. Ningekuwa diwani wa huku, ningeanza kwa kuuliza ushuru wa gesi umenunua mashine ngapi za barafu.