Takwimu za magonjwa kutoka Kamina: Safari ndefu hadi mkutanoni, ndefu zaidi kurudi Katoto

KAMINA, HAUT-LOMAMI – Kati ya wahudumu wa afya 613 waliohojiwa Machi na Aprili 2020 katika hospitali 23 za Lubumbashi, Mbuji-Mayi na Kamina, ni asilimia 27.7 tu waliosema wangekubali kuchanjwa dhidi ya Covid-19 endapo chanjo ingepatikana. Hao ni watu takriban 170. Wengine zaidi ya 440, wakiwemo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuwashawishi akina mama wapeleke watoto kuchanjwa, hawakusema ndiyo.

Utafiti huo uliongozwa na Michel Kabamba Nzaji wa idara ya afya ya umma ya Chuo Kikuu cha Kamina, akishirikiana na wenzake, na ulichapishwa mwaka huo huo wa 2020 katika jarida la kimataifa la kitabibu. Ulikuwa miongoni mwa tafiti za mwanzo kabisa barani Afrika kuuliza swali hilo, wakati dunia bado inabishana kuhusu barakoa. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini Kongo alitangazwa Machi 10, 2020. Siku chache baadaye watu wa Kamina walikuwa tayari wanapita wodini na madodoso.

Kwa mkazi wa Katoto, hapa Kamina, habari kama hii ina uzito wake. Muuguzi ndiye daktari wake wa karibu. Akisita muuguzi, mtaa mzima unasita.

Mwaka mmoja baadaye mambo yalikwenda karibu kama takwimu zilivyoashiria. Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca kupitia mpango wa COVAX. Uzinduzi uliahirishwa kufuatia taarifa za Ulaya kuhusu kuganda kwa damu, na chanjo ilianza kutolewa Aprili 19. Watu walijitokeza kwa uchache kiasi kwamba serikali ililazimika kurudisha dozi takriban milioni 1.3 zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaisha muda. Rais Félix Tshisekedi mwenyewe alisema hadharani kwamba alikuwa na mashaka na AstraZeneca. Septemba mwaka huo akachanjwa, kwa chanjo ya Moderna.

Si sahihi kudai kwamba utafiti wa Kamina ulitabiri yote hayo. Uliuliza kuhusu chanjo ambayo haikuwepo bado, na jibu la mtu kuhusu kitu asichokiona linaweza kubadilika akikiona. Lakini ulikuwa umeonyesha mapema mahali pa kuanzia kazi: kwa wahudumu wenyewe, na hasa wasio madaktari, kwa kuwa madaktari walikuwa tayari zaidi kuliko wengine. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa kati ya wale waliokuwa na mtazamo mzuri kuhusu chanjo na wale wasiokuwa nao. Wenye mtazamo mzuri walikuwa na uwezekano mara kumi na zaidi wa kukubali. Kwa lugha nyepesi, elimu na mazungumzo vilikuwa na nafasi.

Swali ni nani aliyeusikia utafiti huo, wapi, na lini.

Dakika kumi za kusikika

Njia ya kawaida ya utafiti kusikika kabla haujawa sera ni mkutano wa kitaaluma. Utaratibu wake watafiti wanaujua kwa moyo. Miezi kadhaa kabla, unatuma ikisiri, maandishi mafupi ya maneno kama 250 au 300: kwa nini umefanya, umefanyaje, umepata nini, kina maana gani. Wasomaji waliochaguliwa na waandaaji wanaipa alama. Ikipata alama nyingi, unapewa nafasi ya kuzungumza jukwaani, mara nyingi dakika kumi hivi pamoja na maswali. Ikipata za wastani, unapewa bango: karatasi kubwa inayobandikwa ukutani, nawe unasimama pembeni yake wakati wa chai ukingoja mtu asimame akusikilize.

Bango lina dharau yake machoni pa wengi, na sidhani kama ni haki. Jukwaani unasikilizwa na watu mia wanaochezea simu. Kwenye bango anakuja mtu mmoja ambaye amefanya kazi ile ile Malawi au Nigeria, anauliza maswali matano magumu, na mnabadilishana namba. Ushirikiano mwingi wa kitafiti huanzia hapo, kikombe mkononi.

Kwa mtu wa Kamina, hata hivyo, kufika kwenye ukumbi wenyewe ndiyo kazi. Kamina ni njia panda ya reli, ambako njia ya kutoka Lubumbashi inagawanyika, moja ikielekea Ilebo na nyingine upande wa Tanganyika, lakini njia panda hiyo haifiki kwenye kumbi za kimataifa. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 400 hata ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, na hakuna anayesafiri kwa mstari ulionyooka. Kisha kuna tiketi ya ndege, ada ya kujiandikisha, hoteli, na visa.

Visa ndiyo inayouma zaidi. Mwaka 2022 mkutano wa kimataifa wa Ukimwi ulifanyika Montreal, Kanada, na mamia ya wajumbe, wengi wao kutoka Afrika, walinyimwa visa au hawakujibiwa kwa wakati. Viti vya watu waliotakiwa kueleza hali ya nchi zao vilibaki vitupu. Hata Winnie Byanyima, Mganda anayeongoza UNAIDS, alisema alikaribia kuzuiwa kupanda ndege mjini Geneva. Kama mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa anasumbuliwa langoni, mhadhiri kijana wa Kamina mwenye barua ya mwaliko na taarifa ya benki isiyo na kitu cha kujivunia atasemaje?

Ndiyo maana mikutano inayofanyika barani humu imekuwa na maana. Africa CDC, shirika la Umoja wa Afrika linaloshughulikia magonjwa, lilianzisha mkutano wake wa afya ya umma Desemba 2021 kwa njia ya mtandao, likaupeleka Kigali Desemba 2022 na Lusaka Novemba 2023. Tangu 2023 shirika hilo linaongozwa na Mkongo, Dkt. Jean Kaseya. Lusaka ni jirani wa Katanga ya zamani. Kutoka Lubumbashi ni safari ya barabara kupitia mpaka wa Kasumbalesa, si ya kuvuka bahari.

Inabaki lugha. Mtafiti wa Kamina anafikiri kwa Kiluba na Kiswahili, amesomeshwa kwa Kifaransa, na mara nyingi anatakiwa kujitetea kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika Februari 2022, lakini bango la kitafiti lililoandikwa kwa Kiswahili bado ni kitu adimu.

"Mko wangapi?"

Lipo swali moja ambalo kila mtaalamu wa epidemiolojia anayetoka Kongo anajua atakutana nalo. Anaonyesha idadi ya wagonjwa wa surua, kipindupindu au malaria katika eneo lake. Mkono unanyooshwa: wagonjwa hao ni kati ya watu wangapi?

Hapo ndipo penye shida. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo, idadi ya watu wa Kamina, wa Katoto, wa kijiji chochote cha Haut-Lomami, ni makadirio yanayokuzwa mwaka hadi mwaka kwa asilimia ile ile, kana kwamba hakukuwa na vita, watu hawakukimbia, na wachimbaji hawakuhama kufuata migodi. Katika hesabu ya sehemu tuliyofundishwa shule ya msingi, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Mhudumu wa afya wa hapa anaweza kukupa kiasi: watoto waliochanjwa mwezi huu, wagonjwa waliolazwa. Asili hana. Ndiyo sababu baadhi ya ripoti za chanjo nchini huonyesha kiwango kinachozidi asilimia 100, jambo lisilowezekana, huku surua ikiendelea kuua watoto wa eneo hilo hilo.

Hilo si suala la wanahisabati peke yao. Mlipuko wa surua uliotangazwa nchini Juni 2019 na kutangazwa kumalizika Agosti 2020 uliua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo. Ukiamini karatasi inayosema watoto wako wote wamechanjwa, hupeleki chanjo. Mtafiti anayetembea nyumba kwa nyumba, akihesabu watoto na kuangalia kadi zao, anarekebisha asili hiyo kwa miguu yake, na ndiye anayeweza kusimama mkutanoni akaaminiwa.

Polio imetupa somo lake pia. Mwaka 2017 Haut-Lomami na Maniema ndizo zilizokuwa kitovu cha mlipuko wa virusi vya polio aina ya pili vilivyotokana na chanjo. Virusi hivi hujitokeza pale ambapo chanjo ya matone imewafikia watoto wachache mno: kirusi kilichodhoofishwa kinapita kutoka mtoto hadi mtoto asiyechanjwa, kinabadilika polepole, hatimaye kinapata tena uwezo wa kupoozesha. Februari 2018 wizara ya afya ilitangaza hali hiyo kuwa dharura ya afya kitaifa. Mwaka huo huo ukaanzishwa Mpango Mashako wa kuinua chanjo za kawaida, uliopewa jina la waziri wa zamani wa afya, Léonard Mashako Mamba.

Pale ambapo utafiti ulisikika

Usidhani kila bango huishia kwenye pipa la taka. Mwaka 2008 Didier Bompangue, Mkongo wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, na wenzake walichapisha uchambuzi wa kipindupindu nchini. Hadi wakati huo wengi waliona ugonjwa huo kama bahati mbaya inayozuka popote penye uchafu. Wao walifuata tarehe na mahali, wiki baada ya wiki, wakaonyesha kwamba ugonjwa unajihifadhi katika maeneo ya kando ya maziwa ya mashariki na kusini mashariki, kisha kutoka hapo unasambaa.

Wavuvi wa Kinkondja kwenye ziwa Kisale, na wa Bukama kwenye mto Lualaba, pengine hawakuhitaji profesa kuwaambia kwamba kipindupindu kinaishi nao. Ila Kinshasa ilihitaji. Mpango wa kitaifa wa kutokomeza kipindupindu wa 2013–2017 ulijengwa juu ya wazo hilo: weka maji safi kwanza kwenye maeneo machache ambako ugonjwa haukauki, badala ya kukimbizana nao nchi nzima. Pesa za maji hazikutosha, na kipindupindu bado kipo. Lakini ramani ilibadilika, na katika mabishano ya bajeti ramani ni silaha.

Mfano wa karibu zaidi ni Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini. Mwishoni mwa 2023 wahudumu wa hospitali ya huko waliona mpox inayowapata watu wazima, si watoto kama ilivyozoeleka. Watafiti wa Kikongo na wenzao waliwachunguza wagonjwa 108 waliothibitishwa. Asilimia 29 walikuwa watu wanaofanya biashara ya ngono. Ilikuwa aina mpya ya kirusi inayopita kutoka mtu hadi mtu. Agosti 2024 Africa CDC, kisha Shirika la Afya Duniani siku iliyofuata, walitangaza dharura. Mji ambao wengi hawakuwahi kuusikia ulikuwa umeanzisha mjadala wa dunia nzima.

Na Katoto je?

Safari ya kwenda inazungumzwa sana. Ya kurudi haina wafadhili. Bajeti ya utafiti huwa na kifungu cha tiketi ya ndege na cha kuchapisha bango. Ni nadra kukuta kifungu cha kurudi kwa waliohojiwa na kuwaambia: tulikuuliza, haya ndiyo tuliyoyakuta.

Chombo cha kufanyia kazi hiyo kipo tayari. Haut-Lomami ina kanda 16 za afya, ikiwemo ya Kamina na ya Baka iliyo upande wa kambi kubwa ya jeshi. Chini ya kila kanda kuna maeneo ya afya, na kila eneo linatakiwa kuwa na kamati ya wananchi inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa, CODESA. Kila mwezi muuguzi mkuu hukaa na wajumbe wake, wapo wachungaji, akina mama, walimu na watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba, wakapitia takwimu za kituo: waliozaliwa, waliochanjwa, waliokufa.

Nao ni mkutano wa epidemiolojia, ingawa hauna kadi ya shingoni wala chai ya bure. Maswali yake ni makali kuliko ya Kigali. Mama aliyekaa kwenye benchi hatauliza kuhusu kiwango cha makosa ya kitakwimu. Atamuuliza muuguzi kama yeye mwenyewe amechanjwa. Kwa mujibu wa utafiti wa 2020, karibu watatu kati ya kila wahudumu wanne hawakuwa tayari kujibu ndiyo.

Kuwapelekea wajumbe hao ukurasa mmoja wa matokeo, kwa Kiswahili na Kiluba, kunagharimu karatasi, wino na mchana mmoja wa mtafiti. Vikao vya CODESA vinaitishwa kila mwezi, na havihitaji visa.