Elimu Ilale Chini ya Paa Letu

Katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, ramani isiyohitaji mtandao imekuwa msaada wa kuwaokoa mabinti. Tangu mwaka 2015, watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora njia, zahanati na makazi katika OpenStreetMap, ramani iliyo huru kwa kila mtu. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Bi. Rhobi Samwelly na lenye nyumba salama mjini Mugumu, huitumia ramani hiyo kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji, dhulma iliyokatazwa na sheria ya mwaka 1998 kwa walio chini ya miaka 18. Ramani hupakuliwa mapema ikakaa ndani ya simu. Usiku wa dharura, hata mtandao ukipotea, njia bado huonekana.

Somo hilo laihusu kila familia. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mtandao ulizorota nchini kote. Aliyeko Tarime, mbali kabisa na bahari, naye aliguswa. Mtoto mwenye mtihani kesho yake afanyeje?

Dawa iko karibu. Kompyuta mpakato kuukuu yaweza kuwa maktaba ya nyumba. Programu ya bure ya Kiwix husoma Wikipedia iliyopakuliwa, na ile ya Kiswahili haichukui nafasi kubwa. Ipakue mara moja penye mtandao wa uhakika. Kisha, kwa ruta ya kawaida isiyo na hata bando, simu zote za nyumbani zitaisoma kutoka kwenye kompyuta hiyo. Weka humo pia visomo vya Qur'ani, vitabu vya shule na nakala za vyeti.

Matatizo yatakuja, na mengi hayahitaji fundi. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato yenye betri nzima huendelea kufanya kazi. Ile ya mezani huzimika ghafla na yaweza kuharibu mafaili. Simu zikishindwa kuifikia maktaba, tazama kwanza kama ruta imeipa kompyuta anwani mpya, au kama kompyuta imelala kwa kufunikwa. Kurasa za mtandao zikikataa kufunguka kwa madai kwamba si salama, angalia tarehe. Kompyuta inayorudi miaka ya nyuma kila inapowashwa mara nyingi imeishiwa betri yake ndogo ya duara, kama ile ya saa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani betri hiyo huandikwa CR2032, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Tahadhari moja isisahaulike. Wasia, hati ya shamba na kumbukumbu za madeni ni amana, na diski hufa bila kuaga. Karatasi halisi zihifadhiwe; nakala ya kompyuta iwe na nyingine kwenye diski ya nje, yenye nywila, kwa ndugu mwaminifu wa nyumba nyingine. Na kila baada ya miezi michache, ifungue nakala hiyo uhakikishe inasomeka.

Mzazi akae na wanawe, wa kiume na wa kike, waitengeneze maktaba hiyo pamoja. Siku mtandao utakapokatika tena, insha'Allah, somo la mtoto halitakatika.