Tukiondoa kanuni, taarab inabaki na nini?

Mtu akikupigia simu na kusema "Haloo" tu, mara nyingi hahitaji kujitaja jina. Unajua papo hapo kuwa ni mama, ni shangazi, au ni yule anayekudai. Wote watatu wanaweza kulitamka neno hilo kwa kimo kile kile na kwa nguvu ile ile, lakini sikio halikosei. Kitu hicho kinachotofautisha sauti moja na nyingine, hata zinapolingana kwa kimo na kwa nguvu, tunaweza kukiita rangi ya sauti.

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya rangi hiyo, kwa sababu kuna mjadala wa miaka mingi baina ya wapenzi wa taarab asilia na wapenzi wa taarab ya kisasa. Katika mjadala huo watu hugombania maneno, mipasho na namna ya kucheza. Ala zenyewe husahaulika, na huko ndiko mabadiliko makubwa yalikotokea.

Tuanze na sauti yenyewe. Sauti ni mtikisiko. Uzi wa fidla ukitikisika mara 440 kwa sekunde, hutoa ile noti ambayo wanamuziki wengi duniani hulinganishia ala zao. Lakini uzi huo hautikisiki kwa namna moja tu. Ndani ya mtikisiko huo mkuu mna mingine midogo, ya mara 880, 1,320, 1,760 na kuendelea. Hatuisikii mmoja mmoja; imechanganyika kama viungo katika pilau. Ala yenye mingi ya juu hulia kwa ukali, na yenye michache hulia kwa upole. Mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, aliyaeleza mambo haya kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1863.

Jambo la pili ni jinsi sauti inavyozaliwa na inavyokufa. Uzi wa udi ukidonolewa, sauti huruka mara moja kisha hufifia. Uzi wa fidla ukisuguliwa kwa upinde, sauti huingia polepole na hudumu kadiri mpigaji atakavyo. Wataalamu wamewahi kurekodi ala mbalimbali, wakakata ile sehemu fupi ya mwanzo wa kila sauti, kisha wakawasikilizisha wanamuziki. Hata wazoefu walizichanganya ala wanazozijua vizuri. Kumbe kipande kile kifupi cha mwanzo ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya utambulisho wa ala.

Sasa twende Unguja. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Humo ndimo lilimokua kundi kubwa la taarab tunalolijua: kanuni, udi, nai, safu ya fidla, akodiani, sello, besi, dumbak na rika.

Kwa nini ala zote hizo? Katika muziki wa kwaya za kanisani, kwa mfano, sauti ya kwanza hadi ya nne huimba noti tofauti zinazolingana, na utajiri wa muziki unatokana na mlingano huo. Taarab haikujengwa hivyo. Sehemu kubwa ya wimbo, ala zote hupiga lahani moja ile ile, kila moja kwa lafudhi yake. Kanuni inamwaga noti kama shanga zilizokatika uzi, fidla inavuta, nai inapumua hata pumzi ya mpigaji isikike, na udi unadokoa chini kwa chini. Kwa hiyo katika taarab rangi ya sauti ni nguzo ya nyumba. Ala kumi zikipiga lahani moja kwa rangi kumi, msikilizaji anasikia mazungumzo. Zikipiga kwa rangi moja, anasikia mtu mmoja tu.

Ukitaka ushahidi kwamba ala huupa muziki tabia, vuka hadi Mombasa. Lugha ni ile ile ya Kiswahili, na mashairi yana vina na mizani kama ya Unguja. Lakini huko iliingia tashkota, ala yenye nyuzi na vibonye mithili vya taipureta, iliyobuniwa Japani mwaka 1912 na kuenea hadi India. Ikiunganishwa na spika, hulia kali na kwa haraka, na kwa mdundo wa chakacha hakuna wa kukaa kitini. Hapo hapo Mombasa, marehemu Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa akiimba huku akipiga udi, na watu wakatulia kumsikiliza. Ni mji mmoja, lakini kila ala ilikuja na hadhira yake.

Ndipo tunapofika kwenye kinanda cha umeme. Katika miaka ya 1990 vikundi kama East African Melody vilikifanya kuwa mhimili wa taarab ya kisasa. Sababu zake zinaeleweka. Kundi kubwa lina watu ishirini na zaidi. Wote wanataka nauli, chakula na malipo. Kinanda, gitaa mbili na spika huingia katika gari moja, na mwenye arusi hupunguziwa gharama.

Lakini tujue tulichobadilishana. Kinanda hicho kinaweza kutoa sauti ya fidla, ila mara nyingi ni fidla iliyorekodiwa, na kila ukibonyeza huanza vile vile. Mpigaji wa fidla hauanzishi upinde namna moja mara mbili. Tena, kinanda cha kawaida kina noti kumi na mbili tu, wakati maqamu za Kiarabu kama rast na bayati zina noti zinazokaa katikati ya hizo. Udi na fidla huzifikia kwa kidole, na kanuni kwa vibao vyake vidogo. Vipo vinanda vinavyoweza kurekebishwa kuzitoa, lakini ni lazima awepo anayezijua kwa sikio.

Matokeo yake ni kwamba ala zimerudi nyuma na maneno yamekuja mbele. Mapigo yamekuwa mazito, na watu wameinuka vitini kucheza. Hilo si dhambi. Akodiani nayo ilikuwa ngeni siku moja, na marehemu Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, alitumia kikundi kidogo sana. Taarab imekuwa ikibadilika tangu ilipofika.

Hatari iko kwingine. Kinanda kinanunuliwa dukani leo na kupigwa kesho, lakini mpigaji wa kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya sabini za kulinganishwa, hutengenezwa kwa miaka. Mzee mmoja akifariki bila mwanafunzi, rangi moja imefutika. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, kimewafundisha vijana ala hizi, wakiwemo wasichana, nao wamethibitisha kwamba nia ikiwepo, wanafunzi wapo. Wanachohitaji ni kualikwa. Mwenye shughuli asiyeweza kulipa watu ishirini anaweza kulipa watano: kanuni, udi, fidla, dumbak na mwimbaji. Wakipata kazi watapata na wanafunzi, na rangi hizo zitabaki kwa watakaokuja baada yetu.