Kinanda Chotara na Hesabu ya Amadinda

Kila askari aliyewahi kukaa katika gari la doria kwenye Barabara ya Jinja anakijua king'ora chake. Hahitaji kuelezwa jinsi sauti ile inavyopanda kama kilio, ikashuka, kisha ikapanda tena. Lakini ni wachache kati yetu waliokwisha kujiuliza ni kitu gani hasa kinachoipandisha na kuishusha. Ndani ya kisanduku cha king'ora cha umeme mna mitikisiko miwili. Mmoja ni wa kasi, mamia ya mara kwa kila sekunde, na huo ndio tunaousikia. Wa pili ni wa polepole mno, hata hauwezi kusikika wenyewe. Kazi yake ni kuushika ule wa kwanza na kuuvuta juu na chini. Dereva anapobonyeza kitufe ili kilio kirefu kigeuke kuwa mlio wa harakaharaka, haongezi sauti mpya. Ameuhimiza tu ule mtikisiko wa polepole.

Huo, ndugu msomaji, ndio mwanzo wa elimu yote ya chombo kiitwacho sinthesaiza, yaani kinanda ambacho hakina nyuzi wala filimbi ndani yake, bali huiunda sauti kutokana na umeme mtupu. Tunakusudia leo kueleza aina moja ya chombo hicho, ile ambayo mafundi huiita ya mchanganyiko. Sisi tutaiita kinanda chotara, kama wakulima wanavyosema mbegu chotara.

Wazazi wake ni wawili. Wa kwanza ni kinanda cha analogi, ambacho Mmarekani Robert Moog alianza kukitengeneza mwaka 1964. Katika kinanda hicho umeme wenyewe hupanda na kushuka bila kukatika, kama maji ya Nalubaale yanavyoinuka na kulala, na umbo la wimbi hilo ndilo linalokuwa sauti. Sifa yake ni unene na joto la sauti. Kasoro yake ni kwamba sehemu zake za umeme zinapopata moto au baridi, sauti huteleza. Mpiga kinanda aliyejipatanisha vizuri saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kwenye jukwaa, aweza kujikuta saa tatu usiku yuko mbali na wenzake.

Mzazi wa pili ni kinanda cha dijitali, ambacho hakitegemei wimbi la umeme bali hesabu. Wimbi limekatwa vipande vidogo, kila kipande kimepewa tarakimu, na tarakimu zimehifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine ili zisomwe upya mpigaji anapogusa kibonyezo. Mwendo wa kusoma huongozwa na kristali, kama ile inayoishikilia redio ya mawasiliano kwenye njia yake, na kwa hiyo sauti haitelezi. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ndiyo iliyokitia kinanda cha namna hii katika kila bendi ya dunia. Sauti yake ni safi na kali kama kengele, na kwa masikio yetu inachosha upesi.

Chotara huchukua hesabu ya mmoja na tumbo la mwingine. Wimbi huzaliwa kwa tarakimu, likageuzwa kuwa umeme, kisha likapitishwa katika chujio la analogi. Wajerumani walikuwa na PPG Wave 2.2 mwaka 1982. Wajapani wakaleta Korg DW-8000 mwaka 1985, yenye mawimbi 16 ya kidijitali katika kumbukumbu yake na uwezo wa kutoa sauti nane kwa wakati mmoja.

Chujio ndilo moyo wa jambo hili, na msomaji wa Uganda hana haja ya mfano wa mbali. Aliyepata kunywa malwa kwa mrija anajua kwamba mwishoni mwa mrija pana kichungio kinachopitisha kinywaji na kuzuia machicha. Chujio la sauti hufanya vivyo hivyo: hupitisha sauti nene na kuzuia nyembamba. Simama nje ya ukumbi wa dansi kule Kabalagala, mlango ukiwa umefungwa, nawe utasikia besi peke yake. Mlango ukifunguliwa, sauti za juu zinamiminika. Mpiga kinanda chotara ana mlango huo chini ya kidole chake, na aweza kuufungua na kuufunga katikati ya sauti moja. Tena akiubana kwa namna fulani, chujio lenyewe huanza kupiga mluzi.

Kuna pia jambo la umbo la sauti katika muda. Mkufunzi wa gwaride anaposema "Mguu", huivuta sauti polepole. Anaposema "sawa", huikata kama panga. Sauti ya mtu ni ile ile moja, lakini neno la kwanza huingia taratibu na kukaa, la pili huingia ghafula na kwisha. Katika kinanda mambo hayo hupangwa kwa vifundo vinne: sauti iingie upesi kiasi gani, ishuke upesi kiasi gani baada ya kuingia, ikae katika kimo gani kidole kikiwa bado kimegandamiza, na ichukue muda gani kufifia kidole kikiondoka. Kwa vifundo hivyo na chujio, wimbi moja laweza kuwa ngoma, au tarumbeta, au upepo. Tumesikia kinanda kikiuiga mlio wa endingidi kwa uhodari, kwa kuwa uzi mmoja unaosuguliwa ni karibu sana na wimbi la msumeno lililochujwa. Adungu haikiingii vizuri. Kidole juu ya uzi kina ukaidi ambao mashine haijaujua.

Wenzetu wa kikosi cha mawasiliano wana sababu ya pekee ya kuvijua vyombo hivi, kwa sababu kimoja kati ya jamaa zao kilianza kama kazi ya simu na ya vita. Homer Dudley, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, alibuni chombo kiitwacho vokoda, kinachoipasua sauti ya msemaji katika mikanda kadhaa, nene hadi nyembamba, na kupima nguvu ya kila mkanda. Kwa njia hiyo hakuna haja ya kupeleka sauti nzima. Hupelekwa vipimo tu, na upande wa pili sauti huundwa upya. Katika Vita Kuu ya Pili vipimo hivyo viligeuzwa tarakimu na kufichwa kwa kelele zilizorekodiwa katika sahani za santuri, nakala moja kila upande. Mtambo huo, uliopewa jina la SIGSALY, ulianza kazi Julai 1943 kati ya Washington na London. Kituo kimoja kilikuwa na uzito wa tani 50 hivi, na kile cha London kiliwekwa chini ya duka kubwa la Selfridges. Vita vilipokwisha, wanamuziki wakaigundua vokoda na kukifanya kinanda kiseme kama mtu. Ndiyo sauti ile ya roboti isikikayo katika nyimbo za dansi.

Sasa tufike penye jambo lililotufanya tushike kalamu. Kinanda hiki, kwa uhodari wake wote, hutoka kiwandani kikiwa kimepatanishwa kwa masikio ya watu wengine.

Kinanda cha kawaida huigawa oktavu, yaani safari ya kutoka sauti moja hadi pacha wake wa juu, katika hatua 12 zilizo sawa. Wataalamu huipima oktavu kwa senti 1200, ambazo si senti za mfukoni, na hivyo kila hatua ni senti 100. Amadinda ya Buganda, ile yenye vibao 12 vinavyolazwa juu ya migomba, huigawa oktavu hiyo hiyo katika hatua tano zinazokaribiana sana kwa ukubwa. Gawanya 1200 kwa 5, unapata 240. Basi kibao cha pili kiko kwenye senti 240, wakati kinanda kina 200 au 300. Cha tatu kiko 480, kinanda kina 500. Cha nne 720 kwa 700. Cha tano 960 kwa 1000. Hakuna vinapokutana ila mwanzo wa oktavu. Ndiyo maana tarumbeta za bendi, zilizotengenezwa kwa hatua zile 12, zikipigwa pamoja na amadinda, msikilizaji husikia kama watu wawili wanaogombana kwa adabu.

Hesabu hii si ya kubuni. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda hapa Kampala, alipima ennanga ya Kiganda na kuyatangaza matokeo yake mwaka 1950. Yafaa kuongeza kwamba fundi achongaye vibao hapimi kwa senti. Husikiliza, akachonga, akasikiliza tena. Hatua zake ni sawa kwa sikio, si kwa rula.

Uhusiano wa askari na muziki huu una ukurasa mmoja mzito. Katika Lubiri ya Mengo palikuwa na entenga, ngoma 15 zilizopigwa na watu sita: wanne walishika ngoma 12 zilizopatanishwa kama vibao, na wawili zile tatu zilizobaki. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yaliishambulia Lubiri. Wapigaji wa Kabaka walitawanyika, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na ziliporudishwa mwaka 1993 wengi wa wale waliozijua nyimbo walikuwa wamekwisha kuzeeka au kufa. Kinanda chotara chaweza kuigiza ngozi ya ngoma, na chaweza kuzipanga ngoma 12 katika vibonyezo 12. Lakini wimbo wa entenga, kama ule wa amadinda, haumo mkononi mwa mtu mmoja. Mpigaji wa kwanza hupiga, wa pili hupiga katikati ya mapigo ya mwenzake, na wimbo husikika mahali ambapo hakuna aliyeupiga peke yake. Mashine yaweza kukumbuka mapigo yote bila kukosea hata moja, lakini haina jirani wa kumwangalia usoni.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaosema mashine ni adui. Kule Acholi, wakati wa vita na baada yake, familia nyingi hazikuweza kugharimia kundi zima la larakaraka, ngoma ya harusi inayopigwa kwa vibuyu na spoki za baiskeli. Otim Alpha na Leo Palayeng waliuhamishia mwendo wake katika kompyuta, na harusi zikachezwa. Kazi zao za miaka 2004 hadi 2015 zilikusanywa katika sahani ya Gulu City Anthems, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kampuni ambayo jina lake Waganda hulisikia kama hamu ya kucheza, na Waswahili wa pwani hulisikia kwa mshtuko. Mwaka huo huo wa 2017 kundi la Nihiloxica liliundwa hapa jijini, likiwakutanisha wapiga ngoma za Kiganda na vinanda vya umeme. Sahani yao ya mwaka 2020 inaitwa Kaloli, yaani korongo yule mkubwa wa majalala yetu. Ngoma zenyewe bado zinapigwa kwa mikono, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye nguvu yake.

Je, kinanda chaweza kufundishwa hesabu ya amadinda? Chaweza, na sehemu ya kidijitali ndiyo inayofundishika. Korg Minilogue XD ya mwaka 2019, chotara yenye mawimbi mawili ya analogi na moja la kidijitali, humruhusu mpigaji kuandika upatanisho wake mwenyewe na kuuhifadhi. Ubongo wa tarakimu huyaamuru hata yale mawimbi ya analogi yaufuate. Fundi wa bendi anayetaka kujaribu asianze na ile 240 ya karatasini. Akae karibu na amadinda halisi, asikilize kibao kimoja kimoja, akisogeze kibonyezo hadi mtetemo wa kugombana upotee, kisha aiandike tarakimu aliyoipata pia kwenye daftari, maana kumbukumbu ya mashine yaweza kufutika.

Atakutana na tatizo moja. Wapigaji wawili wa amadinda hupiga kwa fimbo mbili kila mmoja, kibao na pacha wake wa oktavu, na wa tatu, mwenye amakoonezi, hurudia kwenye vibao viwili vya juu kabisa. Mapigo yao yote pamoja yaweza kuzidi 500 kwa dakika. Minilogue XD ina sauti nne tu kwa wakati mmoja: mbili za oktavu, moja ya amakoonezi, na moja inayobaki haitoshi kumalizia mwangwi wa mapigo yaliyotangulia, kwa hiyo mwangwi hukatwa. DW-8000 ya zamani ina sauti nane, zinazotosha, lakini kama ilivyotoka kiwandani haijui hatua nyingine ila zile 12. Mwenye fedha atanunua Minilogue mbili, aketishe watu wawili, mmoja kuelekea mwenzake.