Intaneti imefika mlangoni, chumbani haifiki: biashara ya Wi-Fi Maili Moja

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu 1,098,668. Ile ya 2022 ikaukuta na watu 2,024,947. Ukishuka Maili Moja, Kibaha, kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, ongezeko hilo unalisoma kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, madirisha ya alumini. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kuwa njia nane kwa kilomita 19.2 kati ya Kimara na Kibaha, wafanyakazi wengi wa mjini walipata sababu nyingine ya kununua kiwanja huku, kujenga polepole na kuhamia hata kabla rangi haijapigwa.

Wakishahamia wanataka intaneti. Mtoto ana masomo, baba ana kikao cha jioni kwa video, mama anauza vitenge kwa WhatsApp, na runinga ya sebuleni siku hizi inakula data kuliko wote hao. Kampuni za mawasiliano zimeliona soko hilo mapema. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa 2009, na TTCL, shirika linalousimamia, likaja na huduma yake ya Faiba Mlangoni Kwako. Vodacom ilizindua 5G mwaka 2022 na wenzake wakafuata, ndiyo maana mwenye nyumba ambaye faiba haijapita mtaani kwake, yule wa Kisarawe kwenye miinuko ya Pugu kwa mfano, anaweza kununua ruta ya laini ya simu, akaichomeka kwenye umeme na kuanza kazi siku hiyohiyo.

Ushindani wote huo unaishia mlangoni. Mabango yanatangaza kasi, fundi wa kampuni anaingiza waya sebuleni kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu na nguzo, anapima kasi akiwa amesimama mbele ya ruta, mteja anaridhika, kazi imekwisha. Usiku mteja analala chumba cha masta na video inazunguka bila kufunguka. Kesho yake anapiga simu huduma kwa wateja, na mara nyingi anachouziwa ni kifurushi kikubwa zaidi. Ni kama kuongeza tangi la maji wakati bomba la kwenda bafuni limeziba. Kwa maoni yangu hapa ndipo fedha nyingi za kaya za Kibaha zinapotea bure, na hapa ndipo biashara mpya ilipo.

Tatizo lenyewe ni ujenzi wetu. Nyumba ya kawaida ya Kibaha ni ya chini, imetanuka, ina korido ndefu na vyumba vya kulala upande wa pili wa jiko. Kuta ni tofali za saruji, zimepigwa lipu pande zote mbili, juu yake imepita lenta yenye nondo. Bafu la masta lina vigae, na kabati la nguo lina kioo kizima. Uani kuna banda la mabati na simtanki lililojaa maji. Kila kimoja kati ya hivyo kinakula mawimbi ya Wi-Fi au kinayarudisha yalikotoka. Masafa ya gigahezi 2.4 yanapenya kuta vizuri kiasi, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kwenye mitaa iliyobanana majirani wote wanazigombania. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa, ila ukuta wa pili tu wa tofali unatosha kuyachosha. Nyumba za mbao na ubao wa jasi, zilizo nyingi Marekani, hazina shida hii kwa kiwango chetu, na umbali unaoandikwa kwenye maboksi ya ruta hupimwa mahali pasipo na kuta kama zetu.

Dawa ya kwanza inayouzwa ni ripita, kile kifaa kidogo cha kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi. Ni rahisi kwa bei na inafaa kwa mwenye chumba kimoja kilichokosa mtandao. Lakini mara nyingi inapokea na kutuma kwa chaneli ileile, kwa hiyo kasi inashuka kufikia nusu hivi kabla haijakufikia. Nyingi zinatengeneza pia jina la pili la mtandao. Ukitembea kutoka sebuleni kwenda chumbani, simu inang'ang'ania ruta ya mbali iliyokwisha nguvu mpaka uizime na kuiwasha Wi-Fi mwenyewe.

Ruta za meshi zilikuja kutibu hilo. Mwaka 2016 eero na Google Wifi ziliingia sokoni Marekani, mwaka uliofuata TP-Link ikaleta Deco, na leo karibu kila kampuni ya ruta ina seti yake ya vituo viwili au vitatu. Kimoja kinaunganishwa na kisanduku cha faiba, vingine vinatawanywa ndani ya nyumba. Vyote vinatumia jina moja na nywila moja, vinazungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na simu inapotembea vinaisaidia kuhamia kwenye kituo kilicho karibu bila wewe kugusa kitu.

Kosa linalofanyika sana ni la mahali pa kuviweka. Watu wanakiweka kituo cha pili palepale ambapo mtandao haufiki, kisha wanalalamika kwamba kifaa ni kibovu. Kituo kisichopata mawimbi hakina cha kugawa. Kinatakiwa kukaa katikati ya njia, mahali ambapo bado kuna nguvu. Fundi makini anafungua programu ya kupimia kwenye simu, anatembea kutoka kwenye ruta kuelekea vyumbani, na anatazama namba ya nguvu ya mawimbi (dBm): hasi 50 ni nzuri sana, ikifika hasi 67 hapo ndipo kituo kinafaa kukaa, ikishuka hadi hasi 80 amekwisha kupita mahali pake. Kipimo hicho kinachukua dakika chache na kinaokoa bei ya kituo kizima.

Lakini hata meshi inayowekwa vizuri, ikitegemea hewa peke yake, inalipa kodi ya kuta zilezile. Kila data inaporuka kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwa chaneli ileile, kasi inapungua. Seti zenye redio ya tatu, iliyotengwa kwa mazungumzo ya vituo tu, zinapunguza hasara hiyo, nazo bei yake ni ya juu. Njia bora ni ya zamani: waya. Waya wa mtandao wa Cat 5e unabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba ya familia Maili Moja inayohitaji hata nusu ya urefu huo. Ukiviunganisha vituo kwa waya, hata seti ya bei ya chini inafanya kazi vizuri kuliko ya ghali inayotegemea hewa.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kampuni kubwa hazimtaji kwenye mabango yao, fundi wa mtaani. Yule aliyezoea kufunga kamera za ulinzi, madishi na sola tayari ana ngazi, drili, koleo la kubania vichwa vya waya na uzoefu wa kupitisha waya darini. Vifaa vinanunuliwa Kariakoo na faida ya kuviuza tena ni ndogo, kwa kuwa mteja naye anaijua Kariakoo. Kinacholipa ni kazi yenyewe: kupima, kupitisha waya, kupanga vituo, kurudi kurekebisha. Ningependa kuona VETA na vyuo vya ufundi vikiitambua kazi hii kama stadi kamili, maana kwa sasa kila mmoja anajifunzia kwenye nyumba ya mteja.

Wateja wengine wenye uzito ni wenye nyumba za kupanga na gesti za kandokando ya barabara. Kwa nyumba ya wapangaji sita, laini moja ya faiba na vituo vitatu vinawatosha wote, na mwenye nyumba anaweza kuiweka huduma hiyo ndani ya kodi. Ajue tu kwamba kuuza intaneti kwa umma, kama wanavyofanya wenye vocha za Wi-Fi za mtaani, ni shughuli inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa leseni. Hata ruta zenyewe zinatakiwa ziwe za aina iliyothibitishwa na mamlaka hiyo, kwa hiyo kabla ya kulipia ni vizuri kumuuliza muuzaji.

Kuna pia suala la umeme. Vituo vitatu vinahitaji soketi tatu, na umeme ukikatika au LUKU ikiisha, vyote vinazima pamoja na kisanduku cha faiba, hata kama faiba yenyewe mtaani inafanya kazi. Betri ndogo ya volti 12 inaweza kukibeba kisanduku na ruta kwa saa kadhaa, mradi volti zake zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta na ampea zisiwe chini ya hizo. Anayefanya kazi nyumbani ningemshauri ainunue betri hiyo kabla ya kituo cha tatu.

Kwa wewe unayejenga sasa, Kibaha au Kisarawe, ombi langu ni dogo. Siku fundi umeme anapolaza mabomba ukutani, kabla ya lipu, mwambie aongeze mawili matupu: moja kutoka sebuleni hadi korido ya vyumbani, jingine hadi upande wa uani, na kila mwisho aache boksi la soketi na umeme jirani yake. Gharama ya mabomba hayo haifiki popote ukiilinganisha na bei ya dirisha moja la alumini. Ukisubiri mpaka uhamie, utalipa kuchimba ukuta, kupiga lipu upya na kupaka rangi tena.