Zima Programu Usizohitaji, Lakini Usizime Menyu ya Pesa

Simu yangu ilikuwa imefika mahali ambapo chaji ya asubuhi haifikishi saa nane mchana, na bando la siku linaisha kabla sijafanya la maana. Jumapili moja nikaamua kuisafisha. Niliingia kwenye mipangilio, nikafungua orodha ya programu, na kila jina nisilolijua nikalizima. Nilijiona fundi kweli!

Jumatatu, ndani ya matatu, konda akaja kuitisha nauli. Natafuta menyu ya kutuma pesa, haipo. Laini iko, netiweki iko, pesa ziko, lakini menyu hakuna. Jirani yangu kwenye kiti alinilipia (Mungu ambariki, nilimrudishia jioni).

Kumbe nilikuwa nimezima SIM Toolkit. Jina lake halikwambii kitu, lakini kwenye simu za Android ndiyo inayokufungulia menyu iliyo ndani ya laini. Ikikupata, rudi kwenye ile orodha, onyesha programu zote pamoja na za mfumo, iwashe, kisha uzime na kuwasha simu.

Sasa, ukitaka kusafisha yako, anza na programu ulizoweka mwenyewe: michezo, tochi ya ziada, ile ya mkopo uliochukua mara moja. Hizo zifute kabisa. (Kufuta programu hakufuti deni, tusidanganyane.) Kuisimamisha tu hakutoshi, kwani nyingi huamka tena ukizifungua.

Zilizokuja na simu mara nyingi hazifutiki, unaweza kuzizima tu. Zima moja, tumia simu siku mbili, ukiona kila kitu kiko sawa ndio uende kwa nyingine. Usiguse SIM Toolkit, huduma za Google Play, wala programu za kupiga simu, za SMS na kibodi. Ukikutana na jina usilolielewa, liache.

Chaji na bando ni kitu kimoja, lakini kuna programu zinazokaa kimya huku zikichungulia mfuko wako. Fungua sehemu ya ruhusa uone ni zipi zinazosoma SMS, kwa sababu nambari za siri za muda kutoka benki hupitia huko. Tochi inataka SMS zako za nini?

Kisha angalia Ufikivu. Imewekwa kusaidia watu wenye ulemavu, kwa mfano wasioona, kwa hivyo programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na hata kukubonyezea. Matapeli wanalijua hilo vizuri sana. Ukipata programu ambayo hukuiruhusu wewe, izime hapo hapo, halafu uifute. Ikikataa kufutika, tafuta orodha ya wasimamizi wa kifaa kwenye mipangilio ya usalama, iondoe huko kwanza, kisha ujaribu tena. Na kama ilikuwa na ruhusa ya kuona skrini yako, badilisha PIN yako ya pesa siku hiyo hiyo, ukishaifuta.